Maji Yanayomwagika Tukiwa Tumelala

Milimita moja ya maji ikitandazwa juu ya mita moja ya mraba ya ardhi ni lita moja kamili. Chukua nyumba yenye nyasi za mita za mraba 200, eneo ambalo si la ajabu kwa viwanja vya Mbezi Beach, Mikocheni au Masaki. Zikinyeshewa milimita tano katika siku ya jua kali, nyasi hizo zimekunywa lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kwa hiyo bustani hiyo, hata ikipewa kiasi chake bila kuzidishiwa, inatumia maji ya watu 10 hadi 20.

Sisemi nyasi zing'olewe. Nyasi hupoza ua, hushika udongo usichukuliwe na mvua, na huwapa watoto mahali pa kuchezea. Ninachosema ni kwamba mtu anayeamua kuwa na bustani ya namna hiyo, kisha akaifungia vinyunyizio vinavyojiwasha na kujizima vyenyewe, amejitwika wajibu usiokwisha siku fundi anapolipwa na kuondoka. Wajibu huo ni ukaguzi. Na ukaguzi huo ufanywe mchana, mfumo ukiwa umewashwa, mwenye nyumba akiwa amesimama pale pale anaangalia.

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mkubwa kuhusu matumizi ya maji majumbani katika miji ya Marekani na Kanada, uliofuatilia nyumba zipatazo 1,200. Nyumba zenye vinyunyizio vilivyofukiwa ardhini zilitumia maji ya nje kwa asilimia 35 zaidi ya zile zisizokuwa navyo. Zilizoviendesha kwa taima zilizidi kwa asilimia 47. Waliomwagilia kwa mpira wa kushika mkononi walitumia pungufu kwa asilimia 33. Chombo kilichonunuliwa ili kuokoa maji na jasho kiliokoa jasho tu.

Sababu yake haihitaji mtaalamu kuieleza. Mtu aliyeshika mpira anaona udongo ulipoloa akahama. Anaona dimbwi likijikusanya akafunga koki. Mvua ikianza kudondoka, anarudi ndani. Taima haioni chochote kati ya hivyo. Imeambiwa iwashe saa 10 alfajiri kwa dakika 30, nayo itawasha saa 10 alfajiri kwa dakika 30, kuwe na kiangazi au masika, bomba likiwa zima au limepasuka. Wakati huo mwenye nyumba amelala, na kunapokucha jua limeshakausha ushahidi. Kosa ambalo kwenye mpira lingedumu dakika tano, kwenye vinyunyizio linaweza kudumu mwaka mzima.

Katika jiji letu kosa hilo lina uzito wake. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Oktoba 2022, mvua zilipokosekana na kina cha mto kikashuka, wakazi walitangaziwa mgao. Tunakumbuka foleni za madumu, mikokoteni ya wauza maji na bei ya dumu iliyokuwa ikipanda kadiri mtaa ulivyokaa bila maji. Mto ni ule ule, mabomba ni yale yale. Lita inayovuja kwenye ua wa mmoja usiku imetoka katika chanzo kile kile ambacho mwingine anakisubiri na ndoo yake.

Tatizo ni kwamba nyumba nyingi zenye bustani hazisikii mgao mapema. Zina tenki la lita 5,000 au 10,000, zina pampu, nyingine zina kisima kirefu. Tenki ni akiba nzuri, lakini pia linaficha uvujaji. Koki ya boya hufunguka kimya kimya na kujaza kilichopotea, na mwenye nyumba anakuja kushtuka mwishoni mwa mwezi anapoona bili. Hata hapo, wengi huilaumu mita kwanza.

Basi tuanze na mita. Funga koki zote za ndani, zima taima, na funga maji yanayoingia kwenye tenki. Nenda kwenye mita uangalie kigurudumu au pembetatu ndogo iliyo usoni mwake. Kikiendelea kuzunguka, kuna mvujo kati ya mita na tenki. Kisha geukia upande wa pili. Usiku kabla ya kulala, weka alama ya chaki mahali maji yalipofikia ndani ya tenki, au kwenye mpira wa kuonyeshea kina kama upo, ukiwa umefunga kila kitu kinachoingiza na kutumia maji. Asubuhi angalia tena. Kwenye tenki lenye kitako cha mita moja ya mraba, kila sentimita iliyoshuka ni lita 10. Na kwa nyumba zenye pampu inayojiwasha kwa presha kuna dalili nyepesi zaidi: pampu ikiwaka usiku wa manane wakati hakuna mtu aliyefungua koki, maji yanatoka mahali fulani. Mvujo wa lita moja tu kwa dakika, ambao sauti yake huwezi kuisikia kutoka chumbani, ni lita 1,440 kwa siku. Hizo ni ndoo 72.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye vinyunyizio na awe na daftari dogo la mita, aandike namba kila Jumamosi. Baada ya wiki nne atajua matumizi ya kawaida ya nyumba yake, na siku namba ikiruka atajua kuna jambo bila kusubiri bili.

Ukishamaliza mita, tembea bustanini. Washa eneo moja moja, kila moja kwa dakika mbili tatu, na ufuate vichwa kimoja baada ya kingine. Kichwa kilichovunjika kinajitangaza chenyewe, kwa kuwa kinarusha maji wima kama bomba lililopasuka, na vingine vyote vya eneo lile vinadhoofika kwa kukosa presha. Kilichopinda baada ya kukanyagwa na gari au mashine ya kukatia nyasi kinamwagia ukuta upande mmoja na kuacha upande wa pili ukikauka. Kilichogeuka kinaosha barabara. Ukipita mitaa yetu alfajiri utaona mikondo ya maji ikivuka lami na kuingia mtaroni, maji yaliyokwisha kusafishwa kwa dawa, kusukumwa kwa umeme na kusafiri makumi ya kilomita kutoka Ruvu. Kurekebisha kichwa kilichogeuka ni kazi ya sekunde chache na bisibisi.

Angalia pia umbo la maji yanayoruka. Yakitoka kama ukungu mweupe unaopeperuka, presha imezidi. Vichwa vidogo vinavyonyunyiza kwa umbo la feni hufanya kazi vizuri kwenye presha ya baa 2 hivi, na vile vinavyozunguka kwenye baa 3. Pampu kubwa iliyofungwa kwa ajili ya ghorofa mbili inaweza kuzidisha hapo kwa urahisi, na ule ukungu wote huchukuliwa na upepo kabla haujagusa jani. Kwa sisi wa pwani hilo linaonekana zaidi mchana, upepo wa baharini ukishaanza kuvuma. Kwa hiyo tiba ni mbili: punguza presha kwa valvu ya kupunguzia, na mwagilia kabla ya jua kuchomoza, wakati upepo umetulia.

Yakitoka kinyonge, safisha chujio na nozeli. Maji ya visima vya ukanda wa pwani mara nyingi yana chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye tundu la nozeli. Ifungue, iloweke kwenye siki, isugue kwa mswaki mkuukuu. Usiichokonoe kwa waya au msumari, maana tundu likipanuka halirudi tena, na kichwa hicho kitamwaga zaidi ya wenzake hadi siku kitakapobadilishwa.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa miji yenye mgao. Maji yanaporudi baada ya siku kadhaa za ukavu, huja na mchanga, kutu na takataka zilizokuwa zimelala kwenye mabomba. Chembe moja ya mchanga ikinasa chini ya kiwambo cha mpira ndani ya valvu ya umeme, valvu haifungi sawasawa. Taima itasema imezima, lakini maji yataendelea kupita polepole usiku na mchana. Utaligundua hilo kwa kuona kichwa cha eneo la chini kabisa kinachururika bila kukoma, na nyasi za hapo zikiwa za kijani kibichi na udongo wake ukididimia unapokanyagwa. Fundi bomba anaifungua valvu hiyo, anakisuuza kiwambo na kukirudisha, kazi isiyozidi nusu saa. Kila mgao unapokwisha, pita kwenye valvu zako.

Umeme nao una lake. Taima nyingi, hasa za zamani, zikikosa umeme na betri yake ya akiba ikiwa imekufa, husahau kila kitu zilichoelekezwa. Umeme ukirudi, baadhi huanza na ratiba ya kiwandani, kumwagilia kila siku, kila eneo, kwa saa zisizojulikana. Badilisha betri hiyo kila mwaka. Ni ndogo, na bei yake haifiki ya maji yatakayopotea katika wiki moja ya taima iliyochanganyikiwa.

Hata mfumo mzima usio na mvujo unaweza kupoteza kwa kuzidisha dakika tu. Chukua makopo sita au manane yanayofanana, ya maziwa au ya nyanya, yasambaze kwenye eneo moja, washa dakika 15, kisha pima kina kwa rula. Hapo utaona mambo mawili. La kwanza ni ulinganifu: kopo moja likiwa na milimita 12 na jingine 3, usiongeze dakika ili kuliokoa lile la 3, bali rekebisha vichwa. La pili ni kasi. Vichwa vya feni hutoa karibu milimita 40 kwa saa, na vinavyozunguka hutoa 10 hadi 15. Ina maana kwamba milimita tano zinapatikana kwa dakika saba au nane kwa aina ya kwanza, na kwa dakika 20 hadi 30 kwa aina ya pili. Aliyeweka dakika 30 kwa vichwa vya feni kwa sababu ni namba nzuri anamwaga milimita 20, mara nne ya mahitaji. Kwenye zile mita za mraba 200, hizo ni lita 4,000 kila alfajiri. Udongo wetu wa kichanga hauwezi kuyashika yote. Yanazama chini ya mizizi pamoja na mbolea aliyoinunua.

Hayo yote ni hasara ya maji na fedha. Lakini kuna sehemu moja ya mfumo ambayo ubovu wake unaweza kuumiza watu, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ni ile valvu inayozuia maji kurudi nyuma.

Vichwa vya vinyunyizio hukaa usawa wa ardhi, kwenye udongo wenye samadi, dawa za wadudu na kinyesi cha mbwa na paka. Mfumo ukiwa umeunganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa, kinachozuia uchafu huo kuingia kwenye bomba ni presha ya maji yanayokuja. Presha ikiondoka, kama inavyoondoka kila mgao unapoanza, bomba linaweza kunyonya. Hali huwa mbaya zaidi pale jirani anapofunga pampu ya kuvuta maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Kilichokuwa kidimbwi kwenye bustani ya mmoja kinakuwa maji ya kunywa ya mwingine.

Ulimwengu ulikwisha kulipia somo hili. Mwaka 1933, jiji la Chicago likiwa limefurika wageni wa maonyesho ya dunia, mlipuko wa kuhara damu kwa amiba uliua watu zaidi ya 90. Chanzo kilipatikana katika mabomba ya hoteli, ambako maji machafu yaliingia kwenye maji safi kwa sababu ya maungio mabovu. Hapakuwa na vinyunyizio katika kisa hicho, lakini kanuni ni ile ile: maji hufuata presha, na bomba halijui lipi safi na lipi chafu. Sisi tunaoishi na kumbukumbu za kipindupindu hatuna sababu ya kulichukulia jambo hili kama la nchi nyingine.

Nyumba ambayo vinyunyizio vyake vinavuta kutoka tenki linalojazwa kwa juu, na kati ya mdomo wa bomba na maji kuna nafasi ya hewa, ina kinga nzuri, kwa kuwa maji hayawezi kuruka kurudi bombani. Lakini aliyeunganisha moja kwa moja lazima awe na valvu hiyo, na ya aina inayoingiza hewa presha inapokatika ni lazima ifungwe juu kuliko kichwa cha juu kabisa cha bustani. Ikaguliwe na fundi anayeijua, angalau mara moja kwa mwaka. Hapa sizungumzii ushauri mwema kwa wapenda bustani. Naamini mamlaka za maji zinapaswa kulifanya sharti la kuunganishiwa: hakuna valvu, hakuna vinyunyizio kwenye bomba la umma. Kama tunakubali kwamba nyaya za umeme zikaguliwe kabla ya nyumba kuwashiwa, hatuna hoja ya kukataa kwa maji ambayo watoto wa jirani wanakunywa.

Ugonjwa mwingine una mlango mdogo zaidi. Dar es Salaam ilipatwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mbu anayeieneza hupenda maji yaliyotuama katika vyombo vidogo karibu na watu, na huweza kukua kutoka yai hadi mbu kamili ndani ya siku saba hadi 10. Kisanduku cha valvu kilichofukiwa ardhini, kikiwa na mvujo na mfuniko uliopasuka, ni makazi aliyotengenezewa. Ndiyo maana nasema visanduku vifunguliwe na kukaushwa kila wiki. Wiki moja haizidi muda mfupi kabisa anaouhitaji.

Sasa, nani atafanya yote haya? Katika nyumba nyingi zenye vinyunyizio yupo mtu ambaye tayari anajua kila kichwa kilicholegea: mtunza bustani. Yeye ndiye anayefika asubuhi kabla matope hayajakauka. Lakini mara nyingi hajapewa ufunguo wa kisanduku cha taima, hajaonyeshwa valvu kuu ilipo, na hana hata nozeli moja ya akiba. Akisema, "Bosi, kule kona maji yanatoka yenyewe," anajibiwa kwamba fundi ataitwa, na fundi haitwi. Baada ya mara kadhaa anaacha kusema, na hawezi kulaumiwa. Mfundishe kuzima na kuwasha, mwachie bisibisi, tepu ya kufungia nyuzi za bomba, vichwa viwili vya akiba na lile daftari. Ongeza ujira wake kwa kazi hiyo, kwa sababu ni kazi ya ujuzi, na itajilipa yenyewe kwenye bili.

Kwa mafundi nina ombi moja. Mnapofunga mfumo, mwachieni mwenye nyumba mchoro: mabomba yanapopita, valvu zilipo, kila kichwa ni cha aina gani. Bila mchoro, kila mvujo unatafutwa kwa jembe, na jembe lile lile hupasua bomba jingine. Na msichanganye vichwa vya feni na vinavyozunguka kwenye valvu moja, kwa kuwa hakuna dakika zinazoweza kuzitosha aina zote mbili.

Wapo wanaoogopa kupunguza dakika kwa kuwa nyasi zitapoteza rangi. Ukoka ni mmea wa jua na nchi kavu. Ukikosa maji kwa wiki kadhaa hugeuka rangi ya majani makavu juu, huku mashina yake ya chini ya ardhi yakiwa hai, na mvua zikinyesha unarudi. Umanjano wa Februari ni mmea unaojilinda. Katika masika, taima izimwe kabisa. Hakuna linaloonyesha upuuzi wetu waziwazi kama vinyunyizio vinavyozunguka chini ya mvua ya Aprili.

Naomba basi mwisho wa wiki huu usipite bure. Kabla ya chakula cha mchana, funga koki zote, soma mita, kisha washa bustani yako eneo kwa eneo, ukiwa na mtunza bustani wako kando. Fungua visanduku, weka makopo, tafuta valvu ya kuzuia maji kurudi, na kama haipo, mpigie fundi simu leo hii. Kazi yote inaingia katika saa mbili, na ukaguzi mfupi wa kila mwezi utakaofuata hautazidi nusu saa. Asiye na muda huo na afunge valvu kuu mpaka atakapoupata. Nyasi zake hazitakufa kwa kusubiri.